Mzizi Anahamisha Nyumba za Wahandisi

Mzizi alikulia ndani ya lori. Si kwamba kwao hakukuwa na nyumba. Ilikuwepo, ya vyumba viwili na uwanja wa nyuma wenye tangi la maji. Ila mama yake alikuwa na kazi ya kuhamisha watu, na likizo za shule binti huyo alizimaliza katikati ya magodoro ya wenyewe na makabati yaliyolazwa chali, akikumbatia kioo cha mtu kisije kikavunjika kwenye matuta. Lori lilikuwa la mama na dereva alikuwa mama. Wapagazi wake walikuwa wanaume wenye vifua, lakini mbele yake walinyamaza kama maji mtungini.

"Kabla hujagusa kiti," alikuwa akiwaambia, "inama uangalie mvunguni. Nyumba ya mtu iko mvunguni. Hivyo vya mezani ni vya wageni."

Mtoto yule akakua, akawa mrefu, mwenye sauti ya kuvuka kuta mbili. Akasomea kompyuta, akaolewa na mwoka mikate, akazaa watoto wawili, kisha akaajiriwa kwenye kampuni yetu ya wahandisi wanaosanifu madaraja. Mimi ni mchoraji ramani hapo. Meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, na mengine alinieleza tukinywa chai. Hana tabia ya kutia chumvi. Akisimulia ushindi wake huusimulia ulivyo, maana anaona unatosha.

Hilo jina la Mzizi alilipata siku yake ya kwanza kazini. Kwenye mitambo anayoishughulikia, mtumiaji mwenye mamlaka kuliko wote, anayeweza kufungua chochote na kufuta chochote, huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi. Mhandisi mmoja akamtazama toka kichwani hadi viatuni, akauliza kwa utani wenye mwiba, "Kwa hiyo wewe ndiye mzizi wetu mpya?"

"Ndiye," akajibu. "Tuone kama mti wenyewe utasimama."

Watu wakacheka, jina likamganda.

Sasa, kilichomkera tangu wiki ile ile ya kwanza ni dirisha jeusi. Kompyuta zetu zote, kwa amri ya makao makuu, zina mfumo ule wa kawaida unaoukuta katika kila ofisi. Lakini wahandisi wanaopiga hesabu za mzigo wa madaraja hutumia zana za jamii ya Unix. Hapo hakuna picha za kubonyeza. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unasubiri jibu. Na zana hizo, zikiamka tu, kabla ya jambo lolote huuliza: nyumba ya huyu mtu iko wapi? Nyumba ni folda yake mwenyewe, inamokaa mipangilio yake, funguo zake za kuingilia kwenye seva, na amri fupi alizojitungia. Zikiiona nyumba, zinamtambua mwenyewe. Zisipoiona, zinampokea kama mtu aliyepotea njia.

Kwetu swali hilo lilikuwa na majibu zaidi ya moja. Zana moja ilielekezwa kwenye diski ya mtandao, ile ya herufi H, ambayo ilikuwa kwenye seva ya makao makuu, mji mwingine kabisa. Nyingine iliangalia folda iliyomo ndani ya laptop. Ya tatu, ambayo hakuna aliyeielekeza popote, ilijijengea kibanda chake pembeni. Mhandisi mmoja akawa na nyumba tatu, mithili ya mume wa wake watatu wasiosalimiana: shati analolitaka siku zote liko kwa yule mwingine. Na kwa kuwa njia ya mtandao kwenda makao makuu ilikuwa nyembamba, mtu alifungua dirisha jeusi, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kikombe, akakuta dirisha bado linafikiri. Mtandao ukikatika, halikufunguka kabisa.

Wenzake walishazoea. Sisi binadamu tukizoea mwiba tunajifunza kuchechemea vizuri. Mzizi hakutaka kuchechemea.

Aliomba kuonana na mkuu wa mitambo wa makao makuu alipokuja kututembelea. Huyo ni mtu mpole, mwembamba, anayesikiliza akiwa amefumba macho, na watu wengi hudhani amelala.

"Mkuu," Mzizi akaanza, "nataka kila mtu awe na nyumba moja. Moja tu. Iwe ndani ya laptop yake, na zana zote zipewe jibu lile lile kutoka sehemu moja, kila mtu anapoingia asubuhi."

"Nyumba ziko makao makuu ili zisipotee," mkuu akasema, macho yamefumbwa. "Laptop ikiibiwa?"

"Nakala itakuwa kwenye seva. Laptop ikiwa ofisini, nakala inakwenda yenyewe kimya kimya, mwenyewe hata hajui. Hesabu za kazi zinabaki kwenye seva kama zamani. Ninachohamisha ni nyumba, sihamishi karakana."

"Na funguo zao? Laptop ikiibiwa na funguo zimo ndani?"

"Diski imefungwa kwa nywila, na kila ufunguo nao una nywila yake. Akiripoti wizi tu, nabadilisha kufuli upande wa seva. Mwizi atabaki na kipande cha chuma."

Mkuu akafumbua jicho moja. "Ukiharibu?"

"Nikiharibu nitatengeneza, na nitasema mbele ya watu kwamba ni mimi."

Akapewa kikosi kimoja cha majaribio, kile cha hesabu za mzigo, kinachoongozwa na mhandisi mkongwe tunayemwita Nguzo. Wengine wanasema ni kwa sababu ya umbo lake, wengine kwa sababu hasogei akishaamua. Nadhani ni yote mawili.

Mambo yakagongana, maana mwezi ule ule mama yake Mzizi alihamia nyumbani kwa bintiye. Goti lilikuwa limekataa ngazi, lori lilishauzwa, na nyumba ile ya vyumba viwili ilipata mpangaji. Mama alifunga mizigo yake mwenyewe. Alikataa watu wa kumsaidia. "Mimi nihamishwe?" akauliza. "Na nani, aliyefundishwa na nani?"

Alifika asubuhi, na kufikia mchana jiko la Mzizi lilikuwa limegeuka. Sufuria zilishuka chini, sahani zikapanda juu, unga ukahamia upande wa dirisha. Mwoka mikate alichungulia, akaona wanawake wawili wenye sauti mmoja huku na mmoja kule, akakumbuka ghafla kwamba ana tanuri la kusafisha.

"Mama, chumvi iko wapi?"

"Iko panapotakiwa."

"Panapotakiwa na nani?"

"Na anayepika."

"Mama, hapa ninayepika ni mimi!"

"Ndiyo maana nimekuwekea karibu, mwanangu. Geuka."

Akageuka, na kweli ilikuwa karibu, jambo lililomkasirisha zaidi.

Siku zikapita hivyo. Lakini Mzizi akaona kitu. Mama aliyepanga upya nyumba nzima hakuwa amefungua mzigo wake hata mmoja. Maboksi yalikaa ukutani kwenye chumba alicholala pamoja na wajukuu, yamefungwa kamba zile zile za lori, fundo juu ya fundo. Nguo alizibadilisha kutoka kwenye begi dogo.

"Mama, mbona hufungui?"

"Nafungua niweke wapi? Mgeni hutundika koti lake msumarini. Hajengi kabati."

Mzizi aliniambia kwamba maneno hayo yalimkaa kifuani kama kipande cha muhogo kilichokosa maji. Jumamosi hiyo akatoa meza yake ya kazi, mashine mbovu na nyaya zote kwenye chumba kidogo cha nyuma, akazirundika varandani. Akamwita mama mlangoni.

"Hiki chako. Ufunguo huu. Upange unavyotaka, nami sitaingia bila kubisha."

Mama akakitazama chumba kwa jicho la kazi, akapima ukuta kwa shubiri. "Kitanda hakikai hapo," akasema. "Kitakaa huku." Kisha akaomba kisu cha kukatia kamba, na watoto wakagombania kumletea.

Ofisini nako kazi ilikuwa imeanza. Mzizi hakuhamisha kitu mpaka alipoyajua yaliyomo. Kwenye nyumba za jamii ya Unix, faili ambazo majina yake yanaanza na nukta hazionekani ukiangalia kijuujuu. Mipangilio yote mikubwa inakaa humo, na funguo pia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Alikwenda meza kwa meza, akiketi karibu na kila mhandisi.

"Hii ni yako?"

"Hata sikujua ipo."

"Unaitumia?"

"Sijui. Usiitupe."

Alikuta vya kila aina. Mmoja alikuwa na amri fupi ya kuagiza maziwa ya ofisi. Mwingine alikuwa ameweka shairi la kumbembeleza mkewe katikati ya mipangilio ya rangi. Mzizi alilifunga bila neno, ila siku mbili nzima alimtazama yule mwenzetu kwa heshima mpya.

Akaandaa kila kitu. Kuna neno moja la herufi nne, HOME, ambalo zana zote hulisoma zinapotafuta nyumba ya mtu. Akalitengenezea agizo moja kutoka kwenye seva ya ofisi, ili kila mhandisi wa kikosi anapoingia, neno hilo lionyeshe folda yake ndani ya laptop, na pasiwe na zana inayojitungia jibu lake. Akalijaribu kwa akaunti yake mwenyewe. Dirisha jeusi likafunguka kabla hajatoa kidole kwenye kitufe. Akalifunga, akalifungua tena, akaniita nione. Alikuwa na raha ya mtu aliyepata kiti kizuri harusini.

Jumatatu asubuhi Nguzo akaingia, akafungua dirisha lake, likafunguka papo hapo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaandika amri ya kuingia kwenye seva ya hesabu, na seva ikamkataa. Akarudia. Ikamkataa. Siku hiyo wateja wa daraja kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata walikuwa wanakuja kabla ya mchana kuona hesabu zikiendeshwa mbele yao.

Sauti yake ilijaza ukumbi. "Nilikuwa na nyumba inayovuja, lakini niliingia! Sasa nina nyumba mpya na nimefungiwa nje! Nani kafanya hivi?"

Vidole vya watu vyote vilisimama juu ya vitufe. Mzizi akainuka.

"Ni mimi, Injinia. Nipishe nione."

Alisoma ujumbe ulioandikwa kwenye dirisha, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Tatizo aliligundua hapo hapo. Ufunguo ulikuwa umenakiliwa kutoka diski ya H, ambako kila mwanakikosi aliweza kusoma faili za mwenzake, na ruhusa zile zikaja nao. Zana ya kuingilia seva ni kali katika hilo: ufunguo unaoweza kusomwa na wengine haiupokei, ni sawa na ulioning'inizwa barabarani. Kwenye diski ya mtandao zana hiyo haikuweza kuziona ruhusa hizo, ndiyo maana zamani ilimpitisha. Na kwa nini Mzizi hakuliona mapema? Kwa sababu alijaribu kwa akaunti yake mwenyewe. Ufunguo wake alikuwa ameshaufunga vizuri tangu zamani, na mamlaka yake hupita kila mlango. Alikuwa amejaribu njia ya wananchi akiwa kwenye gari la waziri.

"Kosa langu," akasema kwa sauti ile ile ya kuvuka kuta. "Nimejaribu kama mzizi, sikujaribu kama nyinyi. Wa kikosi hiki, nawarekebishia wote sasa hivi."

Akaandika amri fupi, ufunguo wa Nguzo ukawa wa Nguzo peke yake. Nguzo akaingia. Watu wakapumua. Akaendesha hesabu, na hesabu zikasimama njiani: faili haipo.

Hilo la pili halikuwa kosa la Mzizi, ingawa hakulisema hivyo. Nguzo, kwa miaka mingi, alikuwa ameandika njia ya diski ya H kwa mkono ndani ya programu zake ndogo ndogo, huku na kule, mahali ambapo zilitakiwa kuuliza tu nyumba iko wapi. Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa mitambo, habari zilishamfikia. Mzizi akaweka simu kwenye spika.

"Mrudishe alikotoka," mkuu akasema kwa upole. "Wateja wako njiani."

"Njia ya kurudi nimeiacha wazi, mkuu. Namrudisha akitaka mwenyewe." Akamgeukia Nguzo. "Injinia, kurudi ni kubonyeza mara moja. Ukirudi, utaendesha hesabu zako kama jana, na dirisha litafikiri kama jana. Kusonga mbele ni kukaa hapa na mimi turekebishe hizo njia, na tutawahi. Chagua wewe, daraja ni lako."

Nguzo akamtazama. "Ungekuwa wewe?"

"Ningesonga."

"Una uhakika tutawahi?"

"Ninao."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unajua kila mstari uliouandika. Ungekuwa mtu wa kunakili za wengine, ningekurudisha sasa hivi."

Mzee wa watu akavuta kiti. Kile kiti kililalamika. Wakakaa bega kwa bega. Nguzo akitaja faili baada ya faili bila kutafuta, Mzizi akitoa ile njia ya H na kuweka neno la nyumba mahali pake. Mkuu alibaki kwenye spika akiwa kimya, na safari hii sote tulijua hajalala. Walibishana mara moja tu, juu ya faili ambayo Nguzo alisema imekufa na Mzizi akasema ingali hai. Ilikuwa hai. Wateja walipokuwa wakisaini kitabu cha wageni chini, hesabu zilikimbia mwanzo hadi mwisho, na Nguzo akajipangusa shingo kwa leso na kwenda kuwapokea kama mtu aliyeamka kwa starehe zake.

Jioni hiyo Mzizi aliunda mfanyakazi wa uongo kwenye mfumo, asiye na mamlaka yoyote, akampa jina la Bwana Kawaida. Tangu hapo hajaribu jambo kwa akaunti yake. "Bwana Kawaida akikwama, nami nimekwama," huwa anasema. Bwana Kawaida alipata umaarufu. Kuna aliyemwekea kikombe kwenye kabati la chai.

Nyumbani mama alimsikiliza kisa chote akiwa amekaa kitandani pake, kitanda kikiwa huku na si pale.

"Ulisema ni wewe?"

"Nilisema."

"Mbele yao wote?"

"Wote."

"Vizuri. Sisi tuliwahi kuangusha friji la watu, nikasema ni mpagazi." Akacheka hadi akashika goti. "Alikuwa mpagazi kweli, lakini lori lilikuwa langu."

Kilichowashawishi wengine hakikuwa maelezo. Wiki chache baadaye mkandarasi wa barabara alikata waya wa mtandao kwa tingatinga, na siku nzima hatukuwasiliana na makao makuu. Vikosi vingine vilikaa mikono kifuani mbele ya madirisha yasiyofunguka. Seva yetu ya hesabu iko ghorofa ya chini, kwa hiyo kikosi cha Nguzo kilifungua, kikaingia, kikafanya kazi, na Nguzo akapita katikati ya meza za wenzake akipiga mluzi, jambo ambalo hatukujua kwamba analiweza. Kabla ya kufunga ofisi kulikuwa na foleni mbele ya meza ya Mzizi.

"Dada, na sisi lini?"

"Mmekagua mvunguni kwenu?"

"Mvunguni wapi?"

"Basi kaeni, niwaonyeshe."

Akawahamisha wote, kikosi baada ya kikosi, Bwana Kawaida akitangulia kila mara. Palitokea vikwazo vidogo vidogo. Mhasibu mmoja aliyependa zana zile kuliko kazi yake ya uhasibu alikuta rangi za dirisha lake zimebadilika, akadai arudishiwe; akarudishiwa. Hakuna aliyefungiwa nje tena.

Mkuu wa mitambo akaja mwenyewe. Alikaa nyuma ya mhandisi mmoja baada ya mwingine akiangalia madirisha yakifunguka, kisha akamwita Mzizi, na safari hii macho yalikuwa wazi.

"Matawi mengine yote," akasema. "Utayaweza?"

"Nayaweza. Lakini mpangilio wa tawi gani linatangulia nitaupanga mimi, na kila ninapokwenda nataka nikae na watu wenyewe kwanza. Sihamishi mtu nikiwa kwenye simu."

"Itachukua muda."

"Itachukua."

Mkuu akampa mkono.

Mzizi aliondoka Jumatano, begi moja begani. Mwoka mikate alimsindikiza na mkate wa moto uliofungwa kwenye karatasi, na mama alisimama mlangoni akimpigia kelele kwamba begi limefungwa vibaya. Mimi nilibaki na simu yake ya mezani, niwe napokea shida za wahandisi na kumpelekea. Wiki ya kwanza nikaisogeza karibu na mkono wangu, kalamu tayari. Ilipolia, alikuwa Nguzo, akiuliza kama nina sukari.